Tairi Kubwa kwa Lori Kuukuu la Jeshi

Lori ninalolizungumzia hapa ni M35A2 la mwaka 1972, lililotoka kiwandani AM General na kulitumikia jeshi la Marekani kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa kwa mnada kama mali isiyohitajika tena. Nililinunua kwa kuchanga na shemeji yangu baada ya kupata kipande cha shamba kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Columbus ninakoishi na kufanya kazi ya ufundi wa malori. Tulihitaji gari la kubebea magogo, kuni na kokoto kwenye njia ya udongo wa mfinyanzi ambayo wakati wa baridi na masika haipitiki kwa gari la kawaida. Injini ilikuwa nzima, giaboksi ilikuwa nzima, bodi ilikuwa na kutu ya kuvumilika. Kilichokuwa kimekwisha kabisa ni matairi, tena yote kumi. Hivyo kazi ya kwanza ikawa kuchagua matairi mapya, na kazi hiyo, ambayo nilidhani ingenichukua wikendi moja, ilinichukua miezi minane.

Kwa wasiolifahamu, lori hili lilianza kutengenezwa mwaka 1950 kwa usanifu wa kampuni ya REO, na Wamarekani hulitaja kwa uwezo wake wa kubeba tani mbili na nusu nje ya barabara. Kwenye lami linaruhusiwa mzigo mara mbili ya huo, yaani karibu kilo 4,500, na likiwa tupu lina uzito wa karibu tani sita. Lina ekseli tatu na zote zinavuta. Injini yake ya lita 7.8 ilibuniwa iweze kuunguza dizeli, mafuta ya taa na hata petroli pale jeshi linapokosa kingine, lakini nguvu zake hazifiki farasi 150, na hilo ni jambo la kukumbuka kila mara mtu anapofikiria kuligusa gurudumu.

Matairi yake ya asili ni ya saizi 9.00-20, ya nailoni, yenye mpira wa ndani: mawili mbele na manane nyuma, yakiwa yamefungwa mbilimbili. Kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga ardhi, zimechongwa zikifanana pande zote, ili askari aweze kulifunga tairi lolote kwenye gurudumu lolote bila kuuliza linazunguka kuelekea wapi. Kwa jeshi hiyo ilikuwa hekima, kwa sababu tairi moja la akiba lilitosha kwa nafasi kumi. Kwa njia yetu ya mfinyanzi, kashata hizo zinajaa tope baada ya mita hamsini na tairi linakuwa laini kama gogo lililomenywa magome. Tena tope na mawe hujibana katikati ya tairi mbili za nyuma, na nimewahi kutumia saa nzima kulitoa jiwe lililokaa humo, nikihofia kwamba lingepasua tairi zote mbili kabla sijafika barabarani.

Kwa hiyo nilitaka tairi kubwa. Sioni sababu ya kuficha kwamba macho yalishiriki katika uamuzi huo. Malori ya jeshi yaliyofuata hili yanakalia matairi mapana ya kufungwa moja moja, na yakisimama kando ya lori letu yanaonekana kama yamezaliwa kwa ajili ya tope. Familia ya malori ya FMTV, iliyochukua kazi ya M35, inatumia saizi 395/85R20, ambayo kipenyo chake kinakaribia inchi 46 na nusu. Malori ya tani tano ya M939A1 na M939A2 yanatumia 14.00R20, ambayo ni karibu inchi 49. La kwangu la 9.00-20 lina inchi 40 na kitu. Matairi haya makubwa yote mawili hupatikana kwa bei nafuu Marekani, kwa sababu jeshi huyaondoa mengi yakiwa bado na kashata nzima, na mtu akishayaona yamepangwa uani kwa muuzaji ni vigumu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Nilikuwa karibu kuyalipia hayo ya 395 nilipozungumza na baba kwa simu. Baba alianza kazi akiwa utingo kabla ya kupewa usukani, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha malori kati ya Mbeya na Dar es Salaam, akiuteremka mlima wa Kitonga kwa mzigo kamili mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimweleza mpango wangu kwa furaha, nikamtajia inchi na bei. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hilo gari likijaa magogo na kushika mteremko, hizo breki zake zitalimudu?" Nilimjibu kwamba breki hazijaguswa, ziko kama zilivyotoka jeshini. Akasema, "Ndiyo nauliza." Sikuwa na jibu, na siku hiyo sikulipa.

Swali la baba lina hesabu ndani yake, na nitaieleza polepole kwa sababu ndiyo kiini cha uamuzi wangu. Breki ya ngoma inalishika gurudumu karibu na kitovu chake, na tairi linaligusa barabara mbali na kitovu hicho. Ukilikuza tairi bila kuigusa breki, umeurefusha mkono ambao barabara inautumia kupambana na ngoma, na nguvu ya kusimamisha inayofika chini inapungua kwa uwiano uleule. Kutoka 9.00-20 kwenda 395/85R20 kipenyo kinaongezeka kwa karibu asilimia 14 au 15, kwa hiyo kwa mguu uleule na ngoma ileile, lori linapoteza karibu asilimia 13 ya nguvu ya breki. Kwa 14.00R20 hasara inakaribia asilimia 17. Juu ya hapo kuna uzito wa tairi lenyewe na ringi yake, ambao kwa saizi hizi unapita kilo mia moja kwa gurudumu, na uzito unaozunguka unahitaji kupunguzwa mwendo kama mzigo mwingine wowote.

Hasara hiyo ingevumilika kwenye lori lenye breki za akiba. M35A2 haina. Mfumo wake ni wa mafuta unaosaidiwa na upepo, na katika yale yaliyotoka kiwandani kama langu kuna njia moja tu ya mafuta inayohudumia magurudumu yote sita. Paipu moja ikipasuka, silinda moja ya gurudumu ikivuja vya kutosha, kanyagio linazama na hakuna ekseli hata moja inayobaki na breki. Breki ya mkono nayo haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma moja iliyofungwa nyuma ya transfa (giaboksi inayogawa nguvu kati ya ekseli za mbele na za nyuma), inayoishika shafti ya propela, kwa hiyo tairi kubwa linaidhoofisha nayo kwa kiasi kilekile. Mtu anayefunga tairi la inchi 46 kwenye lori hili anatumia sehemu ya akiba ya usalama ambayo tangu mwanzo ilikuwa nyembamba. Wapo wanaofanya hivyo na kuishi salama miaka mingi, hasa wanaotembea tupu kwenye nchi tambarare. Sisi tuna mteremko wa zaidi ya kilomita moja kati ya msitu na barabara, na tunaushuka tukiwa na mwaloni mbichi.

Ili nisihukumu kwa karatasi peke yake, niliomba kuliendesha lori la mzee mmoja jirani wa shamba letu, fundi wa jeshi mstaafu, ambaye lake ni la aina ileile na alilifunga 395 miaka kadhaa iliyopita. Mzee huyo ni mkarimu na mwangalifu sana. Alinipa usukani, akaketi kando yangu na kuninyamazia ili nijionee mwenyewe. Kwenye tope lori lile lilikuwa jambo la kupendeza kweli. Lilipanda kingo za mto mdogo ambazo langu lisingethubutu kuzisogelea, na tumbo lake lilipita juu ya visiki bila kuvigusa. Kwenye lami, hata hivyo, niliona mambo mawili. Kwanza, kila kilima kilinidai gia ya chini mapema zaidi, na pengo lililopo kati ya gia ya tatu na ya nne, ambalo kila dereva wa M35 analijua, liligeuka kuwa bonde: ya tatu inapiga kelele, ya nne haina nguvu ya kupanda. Pili, nilipokanyaga breki kwenye mteremko, lori lilisimama, lakini lilisimama likiwa limefikiria kwanza.

Kuna faida moja ambayo wengi huitaja, nayo ni mwendo. Likiwa na matairi ya asili, M35A2 linafika kilomita 90 hivi kwa saa injini ikiwa kwenye mzunguko wake wa mwisho wa 2,600 kwa dakika, na kuliendesha hivyo kwa saa nzima ni mateso kwa masikio na kwa chuma. Tairi la 395 linaupeleka mwendo huo hadi karibu 103, na la 14.00 hadi karibu 109, au linakuwezesha kutembea 90 injini ikiwa imetulia. Ni faida ya kweli kwa anayesafiri mbali. Lakini ubavuni mwa matairi ya 395 niliyotaka kuyanunua, baada ya nambari ya uzito, palikuwa na herufi G, na herufi hiyo katika lugha ya watengeneza matairi ina maana ya kilomita 90 kwa saa. Yaani tairi linaliwezesha lori kufikia mwendo ambao tairi lenyewe halikuidhinishiwa. Kuna yenye herufi J, ambayo ni 100, na K, ambayo ni 110, kwa hiyo anayenunua ainame na kusoma ubavu mzima, asiishie kwenye saizi.

Jambo jingine lililonifunga mkono ni nafasi. Kati ya ekseli ya kati na ya nyuma kwenye lori hili kuna inchi 48. Tairi la inchi 46 na nusu linaacha uwazi wa inchi moja na nusu tu kati ya magurudumu mawili yanayofuatana. Minyororo ya theluji haipiti hapo, na jiwe likiingia halina pa kutokea. Tairi la inchi 49 halienei kabisa, na ndiyo maana malori mengi ya M35 yanayoonekana na 14.00R20 yameondolewa ekseli moja ya nyuma na kukatwa chesisi yakawa mafupi, yenye magurudumu manne. Hilo ni gari jingine, lenye uzuri wake na matumizi yake, lakini si gari la kubebea tani nne za magogo. Mbele nako, tairi la 46 likikatwa usukani hadi mwisho linasugua springi, na springi zikibonyea linafika kwenye madigadi, kwa hiyo wenye nayo hukata madigadi au kuinua mbele.

Halafu zipo ringi. Ringi za asili za M35 zina upana wa inchi 7.5 na zinafungwa kwa bolti sita kwenye duara la inchi 8.75. Matairi ya 395 na ya 14.00 yanataka ringi ya inchi 10, na ringi za jeshi zenye upana huo, zile za malori ya tani tano, zina matundu kumi kwenye duara la inchi 11.25. Ili zikae kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya M35 lazima uweke kipande cha kuunganisha kati ya habu na ringi, au uikate sahani ya katikati ya ringi ya zamani na kuichomelea ndani ya ringi mpya. Nilionyeshwa seti ya ringi sita zilizochomelewa hivyo, zikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Nilizizungusha moja moja kwenye habu iliyoinuliwa kwa jeki, nikiwa nimesimamisha kalamu ya chaki karibu na ukingo, na tatu kati ya sita zilikuwa zinacheza kwa jicho la kawaida. Sikuweza kujua nani alizichomelea, kwa joto gani, wala kama chuma kilipoa polepole. Ringi ikichomelewa na mtu anayeijua kazi, ikazungushwa kwenye mashine wakati wa kuchomelewa na ikapimwa baadaye, inaweza kuwa imara kabisa. Ile ambayo historia yake haijulikani siwezi kuifunga chini ya gari linalobeba watu wangu.

Ndipo nikarudi kwenye saizi ambayo watu wa malori nyumbani wanaijua kama jina la ndugu: 11.00-20. Baba aliitumia miaka yote, nyingine zikiwa zimetengenezwa na General Tyre ya Arusha, na mimi nilijifunza kuziba pancha kwenye hiyo hiyo nikiwa bado shule ya msingi. Huku Marekani malori ya kwanza ya tani tano ya M939 yalizitumia, kwa hiyo nazo hupatikana kwenye mauzo ya mali ya jeshi, tena za waya zikiandikwa 11.00R20, zenye kashata za kina zinazojisafisha tope. Kipenyo chake ni karibu inchi 43, yaani asilimia tano tu zaidi ya tairi la asili. Hasara ya breki inakuwa ndogo kiasi kwamba breki nzuri iliyorekebishwa vizuri inaifidia. Mwendo unapanda hadi kama kilomita 95. Na la muhimu kwa mfuko wangu, upana wa ringi wa inchi 7.5 unakubalika kwa saizi hii, kwa hiyo ringi za asili zinabaki, na bolti sita zinabaki.

Lakini 11.00 haziwezi kufungwa mbilimbili nyuma ya M35. Tairi hilo ni nene kuliko la 9.00, na yakifungwa mawili kwenye ringi za asili mabavu yake yanakaribiana mno. Lori likibeba mzigo na matairi yakafura chini, yanasuguana na kupata moto hadi yanapasuka. Ni lazima yawe moja moja, sita kwa lori zima. Hapo watu wengi hushtuka wakidhani kuwa kupunguza matairi kutoka kumi hadi sita ni kupunguza uwezo wa kubeba. Jibu liko ubavuni mwa tairi. Yangu yameandikwa kilo 3,350 kwa tairi likiwa peke yake, kwa hiyo manne ya nyuma yana idhini ya zaidi ya tani kumi na tatu, ilhali lori na mzigo wake wote wa kisheria havifiki tani kumi na moja. Tairi za nailoni zilizotoka nalo jeshini zilikuwa za nyuzi nane, na uwezo wa moja haukukaribia huo. Hata hivyo nasisitiza kwamba uwezo wa tairi hauongezi uwezo wa ekseli, springi wala breki; mzigo wetu haukupanda hata kilo moja.

Kufunga moja moja kunaleta swali la mstari. Ukiliondoa tairi la nje tu na kuliacha la ndani, magurudumu ya nyuma yanakaa ndani ya mstari wa yale ya mbele, na kwenye tope kila ekseli inajichimbia njia yake badala ya kufuata iliyokwisha kukanyagwa. Ukiliacha la nje, yanatoka nje ya mstari. Njia wanayoitumia wengi wenye malori haya ni kuzigeuza habu za nyuma, yaani kuitoa habu, kuitenganisha na ngoma, kung'oa bolti zake kwa presi na kuiunganisha upya ili uso unaobeba ringi usogee na gurudumu la nyuma lifuate alama ya la mbele. Ni kazi ya siku mbili kwa mtu mwenye presi nzuri, na ni kazi chafu, kwa sababu nafasi hiyo ndiyo wakati wa kubadilisha sili, kuosha beringi na kuzipaka grisi mpya, na kuzikagua silinda za breki ambazo pengine hazijafunguliwa kwa miaka ishirini. Mbili kati ya zangu zilikuwa zimeanza kuvuja ndani ya ngoma bila dalili yoyote nje. Nilibadilisha zote sita pamoja na mipira yote ya breki, na fedha niliyookoa kwa kutonunua ringi mpya iliishia hapo. Anayefunga nati za upande wa kushoto akumbuke kwamba kwenye lori hili zimekatwa meno ya kinyume. Nimeona spana ndefu ikikata bolti nzima kwa kusahau jambo hilo.

Baada ya hapo likaja suala la kuyalinganisha matairi. Ekseli mbili za nyuma za M35 zimeunganishwa moja kwa moja. Shafti inapita juu ya difu ya kati na kwenda ya nyuma bila kifaa chochote cha kuziruhusu zizunguke kwa mwendo tofauti. Kama tairi za ekseli moja ni kubwa kidogo kuliko za nyingine, basi katika kila kilomita ekseli moja inataka kwenda mbali zaidi ya mwenzake, na kwa kuwa chuma hakiwezi kukubaliana, kinachokubali ni mpira unaosugua lami au, siku moja, jino la gia. Mbele kuna hatari ya namna nyingine. Kwenye mengi ya malori haya, kama langu, ekseli ya mbele haishikwi na dereva: ndani ya transfa kuna klachi ya upande mmoja inayoishika yenyewe pale magurudumu ya nyuma yanapoteleza na kuzunguka haraka kuliko ya mbele. Weka mbele tairi kubwa kuliko za nyuma na klachi hiyo itadhani kwamba lori linateleza saa zote, itashika kwenye lami kavu, na usukani utakuwa mzito kama umefungwa kamba.

Baba alikuwa na dawa ya hili, nami niliitumia bila kubadilisha kitu. Ni kamba ya katani isiyovutika, inayozungushwa katikati ya tairi lililojazwa upepo wake kamili na kulala usiku mmoja, kisha inawekwa alama kwa fundo. Mafundo ya matairi yote yanalinganishwa, na yanayokaribiana yanakwenda ekseli moja. Leo nina futi ya chuma ya kupimia, lakini nilianza na kamba kwanza kwa ajili yake. Nilipima matairi kumi na moja kwa muuzaji ili nipate sita. Mzingo ulikuwa mita 3.41 kwa wastani, na tofauti kati ya kubwa na dogo katika yale sita niliyoyachagua ilikuwa milimita 14. Madogo mawili yalikwenda mbele.

Kuhusu umri, matairi ya jeshi yanadanganya macho. Tairi lililokaa bohari miaka ishirini linaweza kuwa na kashata mpya kabisa na ubavu uliokauka. Mwishoni mwa maandishi ya DOT (alama ya Idara ya Uchukuzi ya Marekani) ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye tarakimu tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na kwa barabarani silichukui hata likitolewa bure. Muuzaji mmoja aliniletea seti nzuri sana kwa kuitazama, iliyopakwa dawa ya kung'arisha, na nilipolikunja ubavu kwa kulikalia, nyufa zikafunguka kama udongo wa kiangazi. Sikugombana naye, lakini sikununua, na nilimwomba asimuuzie mtu anayebeba abiria.

Nimeiacha ringi yenyewe hadi sasa kwa sababu inanigusa. Ringi za M35 zina pete ya chuma inayolifungia tairi upande mmoja. Pete hiyo ikiwa na kutu, ikiwa imepinda, au ikiwa haikukaa kwenye mfereji wake, tairi likijazwa upepo inaruka kwa nguvu inayoua. Nikiwa na umri wa miaka kumi na minne niliiona pete moja ikipita kwenye paa la bati la kibanda cha fundi tairi kando ya barabara ya Mbeya, na kijana aliyekuwa akijaza upepo alipona kwa sababu tu alikuwa ameinuka kuchukua spana. Kanuni ya usalama kazini ya Marekani nambari 1910.177 inamtaka mwajiri aweke kizimba cha chuma cha kujazia matairi ya ringi za aina hii, pamoja na bomba refu ili anayejaza asimame pembeni. Shambani hakuna mkaguzi. Nilikikodi kizimba, nikazisugua pete zote hadi chuma cheupe, nikazikataa mbili. Wenye ringi za vipande viwili zinazofungwa kwa bolti, kama zile za tani tano, wasilegeze hata bolti moja kabla ya kutoa upepo wote na kuichomoa vali.

Usukani umekuwa mzito zaidi, hilo halina ubishi. Lori hili halina pauasteringi, na tairi pana la waya likisimama linang'ang'ania chini. Tunaugeuza usukani gari likitambaa, kamwe halijasimama, na ninafikiria kutafuta msaada wa upepo au wa mafuta kabla shemeji, ambaye amenizidi miaka kumi na miwili, hajaumia mabega.

Tumepita majira mawili ya baridi sasa. Kwenye mfinyanzi lori linatembea pale lilipokuwa linakwama, kwa sababu magurudumu ya nyuma yanakanyaga alama ya yale ya mbele na hakuna tena pacha za kubana mawe. Halipandi kingo ambazo lori la mzee jirani linapanda, na tukizifikia tunazunguka. Kwenye mteremko likiwa na mwaloni mbichi linashuka kwa gia ya tatu na mguu mwepesi kwenye breki, na nikifika chini ninashuka na kuweka kiganja karibu na kila ngoma kuona kama kuna inayopata moto peke yake. Nati zilikazwa upya baada ya kilomita 80 za kwanza, kisha baada ya 300, na mbili zilikubali robo ya mzunguko.

Nilipomtumia baba picha, aliitazama kwa muda kisha akanipigia kuuliza tairi la akiba liko wapi. Nyuma ya kabini, kwenye kibebeo chake, lilikuwa bado lile la 9.00-20 lililotoka jeshini. Nilimweleza kwamba linatosha kwenye bolti. Akanikumbusha kamba. Wiki iliyofuata nilirudi kwa muuzaji nikiwa na fundo la mita 3.41, nikapima matano yaliyokuwa yamebaki, na la nne kati ya hayo ndilo lililo kwenye kibebeo hivi sasa.